Mlango usio na bawaba: jinsi mti ulivyofundishwa kuzunguka

Ukifika Mji Mkongwe, Unguja, au Lamu, piga picha nakshi za milango kama kila mgeni anavyofanya. Ukishamaliza, muombe mwenye nyumba ruhusa uingie ndani, uusukume mlango taratibu, halafu utafute bawaba. Kwenye milango mingi ya zamani hutaiona. Hakuna bamba la chuma ubavuni wala skrubu. Utakachoona ni kwamba ubao wa pembeni, ule ulio upande wa ukuta, una ncha ya mviringo juu na nyingine chini. Ncha ya juu imeingia kwenye tundu la kizingiti cha juu, ya chini imeingia kwenye kizingiti cha chini, na mlango mzima, pamoja na uzito wake wote, unazunguka hapo. Mti ndani ya mti.

Mtu akiambiwa hivyo kwa mara ya kwanza, jibu la haraka ni kwamba wazee hawakuwa na chuma. Haiwezekani. Mlango huohuo una misumari ya shaba yenye vichwa vikubwa, na una mnyororo wa chuma wa kutia kufuli. Chuma walikuwa nacho mkononi, wakakitumia kwenye pambo na kwenye ulinzi, ila pale panapozunguka wakaacha mti. Kwa nini?

Hilo ndilo swali la makala hii. Ili kulijibu tutaanza na hesabu kidogo (usikimbie, ni ya kidato cha pili), kisha tutarudi nyuma miaka 5,000, na mwisho tutaingia karakana ya leo yenye meza ya ruta. Siyo ruta ya intaneti. Subiri, nitafika huko.

Uzito unakwenda wapi?

Chukua kipande kimoja cha mlango wa vipande viwili. Tuseme kina urefu wa mita 2, upana wa sentimita 60 na uzito wa kilo 50. Hizi ni namba zangu za mfano, weka zako ukipenda. Dunia inakivuta kipande hicho chini kwa kani ya Newton 490, na kani hiyo inapita katikati yake, yaani sentimita 30 kutoka kwenye ukingo unaozungukia. Kwa hiyo kipande hakitaki kushuka tu. Kinataka pia kuinama: kichwa kinataka kutoka ukutani, na mguu unataka kuingia ukutani. Kila mlango ulioshikiliwa pembeni una tabia hii, uwe wa ikulu au wa banda la kuku.

Ufunge sasa kwa bawaba mbili za chuma zilizoachana mita 1.5. Bawaba ya juu itavutwa kwa 490 × 0.3 ÷ 1.5, ambayo ni Newton 98. Ni kama umetundika ndoo ya maji ya lita 10, lakini badala ya kuvuta kwenda chini inazivuta skrubu zitoke kwenye mwimo, usiku na mchana, mwaka hadi mwaka. Skrubu yenyewe imeshikiliwa na nini? Na vipande vyembamba vya mbao vilivyobanwa kati ya meno yake. Mbao zikivimba masika na kusinyaa kiangazi, vipande hivyo vinachoka. Ongeza hewa ya chumvi ya bahari: chuma kinashika kutu, kutu inachukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichokuwepo, na tundu linapanuka. Kila aliyeishi pwani anaujua mlango unaoburuta chini kwa sababu bawaba ya juu imelegea.

Rudi kwenye ncha na tundu. Zile Newton 490 zote zinashuka moja kwa moja kwenye kizingiti cha chini, na kutoka hapo kwenye msingi. Ile kani ya kuinama haijaondoka, kwa sababu fizikia haina msamaha. Ila kwa kuwa ncha mbili zimeachana mita 2 kamili, imepungua hadi kama Newton 74, na jambo kubwa zaidi, imebadilika sura. Hapa hakuna skrubu ya kuvuta; kuna ncha inayosukuma ukuta wa tundu. Kusukumwa ni kitu ambacho mti mgumu unakivumilia miaka mingi sana bila kulalamika.

“Lakini si utakuwa mzito kufungua?” Swali zuri. Ukidhani uzito unamaanisha ugumu wa kusukuma, umesahau kitu kimoja: msuguano unategemea pia jinsi sehemu inayosuguana ilivyo karibu na kitovu cha mzunguko. Ncha yenye nusu kipenyo cha sentimita 2 inasuguana karibu sana na kitovu, na wewe unasukuma ukiwa mbali, sentimita 55 hivi. Ukichukua kizio cha msuguano cha 0.4 kwa mbao juu ya mbao kavu, ukajumlisha na msuguano wa pembeni juu na chini, utahitaji kusukuma kwa kama Newton 7. Hiyo ni nguvu ya kunyanyua gramu 700 za sukari. Paka mafuta kidogo na itapungua tena. Mtoto wa darasa la kwanza anaufungua mlango wa kilo 50 kwa mkono mmoja.

Kuna hesabu ya tatu, ambayo kwangu mimi ndiyo tamu kuliko zote. Mbao hazivimbi sawa pande zote. Msaji, kwa mfano, ukikaushwa kutoka ubichi hadi ukavu kabisa husinyaa kwa takribani asilimia 5.8 ukipima kufuata duara za ukuaji, asilimia 2.5 ukipima kutoka kiini kwenda gome, na kwa urefu wa nyuzi karibu hausinyai kabisa. Sasa angalia mlango. Nyuzi za ule ubao wa pembeni zinakwenda wima, kutoka ncha hadi ncha. Maana yake umbali kati ya ncha ya juu na ya chini haubadiliki, hata mvua inyeshe wiki tatu mfululizo. Upana ndio unaobadilika. Unyevu ndani ya mbao ukipanda kwa asilimia nne, kipande cha sentimita 60 kinaweza kutanuka hadi milimita 5, na kipande cha pili vilevile. Lazima basi uache mwanya katikati, la sivyo vipande vitabanana. Na ni nini kinachosimama katikati ya mlango wa Kiswahili, mbele ya mwanya huo? Mfaa. Ule mti uliochongwa kuliko sehemu zote, ambao wageni wanaudhani pambo tu, umepigiliwa kwenye kipande kimoja na kukifunika kingine kidogo. Ndiyo maana kipande chenye mfaa hakiwezi kutangulia kufunguka: mlango unafungukia ndani, na mfaa ungegonga uso wa mwenzake. Mwanya unapumua nyuma ya nakshi na mpita njia haoni kitu.

Sasa niseme linaloniuma. Ncha ya chini inalika. Kizingiti cha chini kinapata maji ya mvua na maji ya deki, kinaoza, tundu linapanuka, mlango unashuka na kuanza kukwaruza sakafu. Fundi anaitwa. Fundi wa siku hizi, kwa nia njema kabisa, anakata ncha zote mbili kwa msumeno na kufunga bawaba tatu za chuma. Mlango unafunguka vizuri, mwenye nyumba anafurahi. Lakini uzito wote umehamishwa kutoka kwenye msingi na kuwekwa juu ya skrubu, ndani ya mwimo wa zamani ambao haukukusudiwa kubeba mzigo wa kuvutwa. Baada ya muda mwimo unaanza kupasuka, na huo ndio ubao wenye nakshi. Kurudi nyuma ni kazi, maana ncha iliyokatwa ilikuwa mwili mmoja na ubao wa pembeni. Wakati dawa ilikuwa ndogo: kutoa sehemu iliyooza ya kizingiti, kupachika kipande kipya cha mti mgumu chenye tundu, na kuacha ncha ilivyo.

Mji Mkongwe uliingizwa kwenye Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, na Mji wa Kale wa Lamu mwaka 2001. Nakshi zimepigwa picha na kuandikiwa vitabu. Ncha iko ndani, gizani, na haionekani kwenye picha.

Jiwe la mfalme

Neno “bawaba” tulilipata kutoka Kiarabu, kwenye familia ya neno *bab*, mlango. Leo tukilisikia tunawaza vibamba viwili vya chuma na pini katikati. Kwa sehemu kubwa ya historia ya binadamu picha hiyo haikuwepo. Kitabu cha Mithali kinapomfananisha mvivu anayejigeuza kitandani na mlango kwenye bawaba zake, neno la Kiebrania lililotumika ni *tsir*, na kwa mlango wa enzi hizo tunapaswa kuwaza ncha na tundu. Mfano unakuwa mkali zaidi hivyo, maana mlango wa namna hiyo unageuka na kugeuka ukiwa umesimama palepale.

Mwaka 2010 mjini Zurich, Uswisi, wakati wa kuchimba maegesho ya magari chini ya ardhi karibu na jumba la opera, wanaakiolojia walikuta mlango wa mti wa mpopla. Waliposoma duara za ukuaji wa mbao walipata mwaka: takribani 3063 kabla ya Kristo. Una zaidi ya miaka 5,000 na ulikuwa bado na sehemu yake ya kuzungukia. Tope lenye maji na lisilo na hewa ndilo lililouhifadhi. Kwenye ardhi kavu mlango wa namna hiyo huoza wote na kuacha tundu tupu.

Na kwa Mesopotamia, Iraki ya leo, ndicho kilichotokea: milango imeoza, matundu yamebaki, kwa sababu matundu yalikuwa ya jiwe. Nchi ile tambarare ya udongo wa mito ina mawe machache, hivyo jiwe gumu la kuwekea mguu wa mlango lilikuwa mali ya kuagizwa kutoka mbali. Wafalme waliyaandika majina yao juu ya mawe hayo. Gudea, aliyetawala Lagash karibu mwaka 2100 kabla ya Kristo, alifanya hivyo, na jiwe la aina hiyo unaweza kuliona British Museum, London: jabali zito, maandishi upande mmoja, na shimo dogo la mviringo ambamo nguzo ya mlango wa hekalu ilizunguka. Hebu fikiria, mfalme anachagua kuandika jina lake mahali ambapo mlango unakanyaga.

Mwaka 1878, huko Balawat karibu na Mosul, Hormuzd Rassam alichimbua mikanda ya shaba nyeusi ya malango ya Shalmaneser III, mfalme wa Ashuru aliyetawala 858 hadi 824 kabla ya Kristo. Mbao zilikuwa zimeshaoza, lakini mikanda ilikuwa imejikunja kuzizunguka nguzo za kila upande, na hivyo ikahifadhi umbo la kitu ambacho hakipo tena. Nguzo hizo zilikuwa nene, na zilikaa kwenye mawe yenye matundu. Ashuru, dola ya chuma na ya vita, ilikuwa ikifungua malango yake kwa nguzo za mti.

Bawaba ya chuma ya kufungwa ubavuni ilikuwepo Ulaya karne nyingi, ikifuliwa na mhunzi mmoja mmoja, ghali. Kilichobadilisha hali ni kalibu. Mwaka 1775 Izon na Whitehurst walipata hataza Uingereza ya bawaba za chuma cha kusubu, na tangu hapo bawaba ikawa bidhaa ya duka: unanunua mbili, unapiga skrubu, unaondoka. Milango nayo ikawa myembamba na myepesi, hivyo ile ndoo ya lita 10 ikawa kikombe. Ukinitaka hukumu yangu, chuma kilishinda kwa bei na haraka, na kwa mlango mwepesi kilistahili kushinda. Sina ugomvi na mlango wa chumbani kwako.

Vidole

Ncha na tundu vinahitaji fremu, juu na chini. Vipi kama unataka vipande viwili vya mbao vijikunje vyenyewe, bila fremu? Hapo unahitaji vidole. Funganisha vidole vya mkono wako wa kulia na vya kushoto, halafu vikunje kwenye maungo. Umeshaielewa.

Mfano mzuri kuliko yote huenda uko nyumbani kwenu au msikitini jirani: marfaa, kile kibao cha kuwekea msahafu kinachofunguka kama herufi X. Marfaa bora ya kizamani imetoka kwenye ubao mmoja. Haina pini, haina gundi, wala haina kipande cha pili kilichoongezwa. Fundi huchora vidole katikati ya ubao, huvichonga mviringo pande zote mbili, huvitenganisha kimoja kimoja, kisha hupasua ubao katika unene wake kutoka ncha ya juu hadi vidole, na kutoka ncha ya chini hadi vidole. Kidole cha kwanza kinaunganisha nusu ya mbele ya juu na nusu ya nyuma ya chini. Kidole cha pili kinafanya kinyume chake. Cha tatu ni kama cha kwanza, na kuendelea. Ukifungua, vipande viwili vinapishana na haviwezi kuachana kamwe, kwa sababu kila kimoja kimepita katikati ya mwenzake tangu vikiwa mti.

Kwenye Metropolitan Museum, New York, ipo marfaa ya mwaka 1360 iliyochongwa na Hasan bin Sulaiman wa Isfahan. Watu huitazama kwa ajili ya nakshi, na wana haki. Imechongwa tabaka juu ya tabaka. Mimi nashauri uangalie kiuno chake.

Ulaya ya karne ya 18 ilitumia vidole hivyo kwenye meza. Meza za aina ya Pembroke, na meza za kuchezea karata, zina ubao unaokunjwa na mkono au mguu unaotoka chini kuushikilia. Mkono huo unazunguka kwenye bawaba ya mti: vidole vitano hivi, na pini ya chuma iliyopita katikati. Bawaba za shaba zilikuwepo, na meza hiyohiyo inazitumia juu kwenye ubao. Lakini chini, penye mzigo, fundi alichonga mti, kwa sababu kidole cha mti ni sehemu ya fremu yenyewe. Hakuna skrubu inayoweza kung'oka.

Ila kuna sharti, na ukilivunja kazi yote ni bure. Nyuzi za mbao lazima ziende kwa urefu wa kidole, kama mfupa unavyokwenda ndani ya kidole chako. Ukizikata ziwe sambamba na pini, kila kidole kitakuwa kimeshikiliwa na nyuzi fupi zilizobandikana ubavu kwa ubavu, na kitavunjika kama biskuti. Huu ndio mtego wa mtu anayetaka kutia bawaba ya mti kwenye kifuniko cha sanduku: nyuzi za kifuniko kwa kawaida zinakwenda kwa urefu wa sanduku, yaani sambamba na pini. Anachopaswa kufanya ni kutengeneza vibamba vya bawaba peke yake, nyuzi zikielekea kwenye vidole, halafu avifunge juu ya sanduku.

Ruta inaingia

Kwa mkono, vidole vitano vinataka msumeno mwembamba, patasi, randa, tupa na subira. Kila kidole lazima kiwe mviringo, na kitovu cha mviringo wake kiwe palepale ilipo pini. Kikikosea kwa nusu milimita, kidole kitajikwaa kwenye kiota chake bawaba inapojikunja. Ni kazi ya kurudiarudia mviringo uleule, na kurudiarudia ndiko mashine inakojua.

Ruta ya kwanza ilikuwa ya mkono: kipande cha mti chenye kisu kifupi kinachochungulia chini, cha kusawazishia mifereji. Waingereza waliiita jino la bibi kizee, na ukiiona utajua ni kwa nini. Ya umeme ilikuja Marekani. Ray L. Carter, fundi wa kuchonga violezo vya kalibu huko Syracuse, jimbo la New York, inasimuliwa kwamba wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia alichukua mota ya mashine ya kinyozi na kuifunga kisu chenye umbo. Ilifanikiwa, akaanzisha biashara, na mwaka 1929 kampuni ya Stanley ikainunua. Mantiki yake iko hivi: badala ya kusukuma kisu kwa nguvu ndani ya mbao, unazungusha kisu kidogo kwa kasi kubwa sana, siku hizi mizunguko kati ya 8,000 na 24,000 kwa dakika, na kila mzunguko unatoa unyoya mwembamba tu.

Kisha mtu akaipindua. Ruta ikafungwa chini ya meza, biti ikichungulia juu kupitia tundu, na sasa ni mbao inayosogezwa, siyo mashine. Mabadiliko haya yanaonekana madogo lakini ndiyo yaliyoirudisha bawaba ya mti. Ukiwa na meza, unaweza kuweka kizuizi cha pembeni na kupitisha vipande ishirini, vyote vikitoka na umbo moja.

Kazi yenyewe inakwenda hivi. Tuseme mbao zako zina unene wa milimita 18. Unachukua biti ya kuviringa kingo yenye nusu kipenyo cha milimita 9, unapitisha ukingo wa mbao upande mmoja, unaugeuza, unapitisha tena: ukingo umekuwa nusu duara kamili. Unatoboa tundu la pini kwa keekee ya kusimama, kitovu kikiwa milimita 9 kutoka kila uso na milimita 9 kutoka ukingoni, na unatoboa kabla ya kukata vidole, la sivyo biti ya keekee itapotea njia ikivuka mianya. Kisha unakata vidole kwa biti iliyonyooka, ukitumia kigezo chenye pini ndogo ya kuhesabia nafasi. Kina cha kila mwanya kiwe milimita 18, siyo 9, kwa sababu kidole cha mwenzake kinapita kitovu na kuendelea milimita 9 upande wa pili.

Sasa chora hii kwenye karatasi, nakuomba. Bawaba ya namna hiyo, ikianzia imelala bapa, inajikunja digrii 90 kila upande na kugoma, kwa sababu hapo pembe za mbao mbili zinagusana. Ukiitaka ifunge kabisa, kama kitabu, itabidi usogeze kitovu hadi usawa wa uso wa mbao, na kidole kitokeze nje kama kifundo. Kwa mguu wa meza, kugoma kwenye digrii 90 ni zawadi: huhitaji kizuizi kingine. Ruta haitakuambia lolote kati ya haya. Haijui pia nyuzi zinaelekea wapi. Itakukatia vidole vya biskuti kwa ulaini uleule itakaokukatia vidole imara.

Vipi kuhusu kuvimba? Hapa kuna jambo ambalo wanafunzi wengi hulikosea. Ukiona vidole vitano vimebanana, unadhani masika vitakwama. Lakini mianya nayo inatanuka, maana shina la kibamba linatanuka lote pamoja. Vibamba viwili vya mti mmoja, vilivyokatwa sawa, vinatanuka pamoja na vinaendelea kuelewana. Vitakwama ukichanganya mninga upande mmoja na msonobari upande mwingine, au kimoja kikikaa juani na kingine kivulini. Kinachobadilika kweli ni tundu la pini: linaacha kuwa duara na kuwa yai kidogo, kwa sababu mbao inasinyaa kwa unene na haisinyai kwa urefu. Kwa pini ya milimita 8 tofauti haifiki hata sehemu moja ya kumi ya milimita. Nafasi ndogo ya mguso, na nta kidogo, inatosha.

Kwa hiyo karakana yenye meza ya ruta inaweza leo kutoa kwa nusu siku bawaba ambayo fundi wa karne ya 18 angeihangaikia kwa muda mrefu zaidi. Inaweza pia kuviringa ncha mpya ya mlango wa Unguja, na kutengeneza kile kipande cha kupachika kwenye kizingiti, kwa usahihi unaotosha kabisa. Vifaa hivyo vipo kwenye karakana nyingi za samani mijini. Kinachokosekana ni mtu wa kumwambia fundi asikate ncha.

Marfaa ya ubao mmoja, hata hivyo, inaishinda meza. Ruta itaviringa uso wa vidole upande wa mbele, utageuza ubao, itaviringa upande wa nyuma. Baada ya hapo biti haina pa kupita: hakuna ukingo, kila kidole kimezungukwa na ubao pande zote, na sehemu ya kukata imejificha ndani ya unene. Hapo unarudi kwenye patasi nyembamba, unatenganisha kidole kwa kidole ukikutana na wewe mwenyewe kutoka uso wa pili, halafu unachukua msumeno na kupasua kutoka ncha hadi kiunoni. Hakuna pini ya kuchomoa ili uangalie kama umekata vya kutosha. Unashika pande mbili za ubao, unazivuta polepole, na unasikiliza.